Nyumba kubwa si ya kungojea uzee ndipo uihame

Wengi huamini nyumba kubwa ya familia huhamwa pale magoti yanapogoma kupanda ngazi. Kwa Tanzania, hapo mara nyingi umeshachelewa. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, kwa hiari kuanzia 55. Umri huo bado unakuruhusu kusimamia fundi, kukagua hati na kubishana na dalali.

Kinachobana zaidi ni sheria. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la muuzaji peke yake. Mwenye hati akifariki, nyumba inaingia kwenye mirathi: haiuziki kihalali mpaka mahakama iteue msimamizi, na ndugu wakigombana, kesi huweza kula miaka.

Wala kuuza si lazima. Pangisheni nyumba kubwa (wapangaji wenye watoto wataipenda), nyie mhamie nyumba ndogo ya uani. Anayetaka fleti naye asihofu: tangu 2008 sheria inaruhusu hati ya sehemu ya jengo.