Mlingoti na kivuli cha chuoni

Kuanzia Mafinga hadi Mbeya, wengi wanaamini kwamba chuo kinachotaka kivuli upesi kipande milingoti, yaani mikaratusi, maana mti unaokua haraka ndio mti bora. Imani hii haikutoka hewani: mlingoti umetupa nguzo, mbao na kuni kwa miaka mingi.

Ila mti unaofaa shambani si lazima ufae uwanjani. Mlingoti, ambao asili yake ni Australia, hunywa maji mengi, na baadhi ya aina zake huangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo. Pale wanafunzi wanapokaa kusoma, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Unaweza kujionea mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, nenda chini ya mlingoti mkubwa, inua majani yaliyoanguka. Ni makavu, magumu, yananukia mafuta, na ya msimu uliopita bado hayajaoza. Nyasi ni za kuhesabu. Chimba kidogo, fikicha udongo kiganjani, kisha fanya hivyohivyo chini ya mringaringa, ulinganishe unyevu.

Mringaringa ni wa kwetu: kivuli kipana, maua meupe, nyuki tele. Ukitaka kujua miti mingine ya asili, waulize wazee. Mti wenye jina la zamani la Kisafwa au Kihehe kwa kawaida ni wa hapa. Milingoti tuipande kwenye shamba la miti, mbali na majengo na vyanzo vya maji.