Je, wajua kwa nini gari kuukuu hulowa ndani hali paa halina tundu?

Masika ya pwani huwa makali zaidi mwezi wa Mei, na Malindi miezi hiyo mvua haishuki wima: upepo wa kusi huisukuma ikapiga ubavuni. Ndipo wenye magari ya miaka ya 1990 wanapoanza kulalamika. Kapeti limelowa, vioo vimejaa ukungu asubuhi, ndani kuna uvundo usiotoka hata ukitundika manukato. Paa ni zima, milango inafunga vizuri, madirisha yamepandishwa hadi juu. Maji yamepita wapi?

Aghalabu yamepita njia yake ya siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mahali pa kutokea pameziba. Waliounda gari hawakujaribu kuzuia kila tone. Waliyaruhusu maji yaingie sehemu fulani, kisha wakayatolea mifereji ya kushukia chini. Nyumba za mawe za Lamu zenye mapaa bapa zinafuata hesabu hiyo hiyo: mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, ukiwa wazi, mvua inapita, mlizamu ukijaa takataka, maji husimama juu na kuanza kutafuta ufa. Milizamu ya gari ni midogo, imefichwa, na mtu anaweza kuliendesha gari miaka mingi bila kujua ipo.

Chukua mlango. Kile kipande cha raba kinachopangusa kioo unapokishusha hakizuii mvua. Maji hupita kando yake, yakateremka ndani ya mlango, yakatoka kwa vitundu vilivyo kwenye ukingo wa chini. Vitundu hivyo vikijaa vumbi na mchanga, mlango huwa ndoo. Ukifungua na kufunga unasikia maji yanacheza ndani. Kuna kinga nyingine pia: nyuma ya paneli ya mlango, ile unayoegemeza kiwiko, kumebandikwa karatasi ya nailoni kwa gundi nyeusi inayonata. Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya bati ili yasije upande wa abiria. Sasa fikiria gari lililopita mikononi mwa watu watatu. Mmoja alibadilisha spika, mwingine alitengeneza mashine ya kupandisha kioo, na kila fundi aliichana nailoni ile akaitupa, kwani kwake ilikuwa takataka ya kiwandani. Tangu siku hiyo kila mvua inaingia kapetini, na mwenye gari ananunua raba mpya za mlango ambazo hazina kosa lolote.

Mfereji wa pili uko chini ya wipa. Maji yote ya kioo cha mbele huangukia kwenye kihori kilichofunikwa kwa plastiki yenye matundu, na kutoka hapo hushuka pembeni hadi nyuma ya matairi ya mbele. Ndani ya kihori hicho hicho ndiko feni ya ndani inakovuta hewa safi. Malindi tunapenda kuegesha chini ya mivinje, kivuli chake kizuri, lakini vijani vyake ni vyembamba na virefu, hupenya kila tundu la plastiki na kujikusanya kwenye kona. Mwarobaini humalizia kazi kwa majani yake madogo. Maji yakipanda hadi usawa wa mdomo wa feni, yanamiminikia miguuni mwa abiria wa mbele, kwa sababu magari mengi ya usukani wa kulia yana feni upande wa kushoto. Fungua boneti, ng'oa ile plastiki, utatoa rundo zima la mboji. Hii ni kazi ya bure na ndiyo ningeanza nayo, kabla ya kumpigia fundi yeyote.

Lakini kuna watu wanaolowa hata wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua kali na mvua hakuna. Hapo usiangalie juu kabisa. Kiyoyozi hupoza hewa kwa kuipitisha kwenye evapareta, kifaa baridi kilichojificha nyuma ya dashibodi, na unyevu wa hewa hugeuka maji pale pale. Kwa hewa nzito kama ya pwani maji hayo yanaweza kufika lita moja kwa saa na kuzidi. Hutakiwa kutoka kwa kipira kidogo kinachochungulia chini ya gari. Jaribio ni rahisi: washa kiyoyozi robo saa gari likiwa limesimama, kisha chungulia. Ukiona matone chini, mshukuru Mungu. Pakiwa pakavu hali kapeti linazidi kulowa, kipira kimeziba kwa tope, utando au kiota cha mdudu. Kizibuliwe kutokea chini kwa waya laini wa plastiki, taratibu. Msumari au waya mgumu unaweza kutoboa kilichoko juu, na hapo bili itakuwa nyingine.

Maji ya aina ya tatu hayatokani na mvua wala hewa. Ukigusa kapeti vidole vikateleza, ukasikia harufu tamu, na kioo cha mbele kikapata utando wa mafuta usiokubali kufutika, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, inayovuja kutoka kwenye radieta ndogo ya hita. Usiionje; ni sumu kwa watu na kwa paka wa mtaani pia. Angalia kama kulanti ya injini inapungua, injini ikiwa imepoa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tundu liko wapi, uliza kapeti limelowa lini na ni maji gani. Dimbwi lenyewe ni shahidi mwongo. Maji yakiingia kwenye kona ya kioo hufuata kifungu cha nyaya, hupita chini ya kapeti na kujitokeza kwenye bonde la sakafu, mara nyingine kiti cha nyuma kabisa. Gari likiegeshwa pua ikitazama mteremko, jibu linabadilika. Ndiyo maana fundi anayefika, akaona ulowevu, akasema "kaka, hapa ni silikoni tu" bila kuinua kapeti, mwache aende zake salama.

Utafutaji wenyewe unahitaji watu wawili, mpira wa maji na subira. Kwanza ng'oa vile vibao vya plastiki vya kizingiti, inua kapeti na sponji lake, kausha bati kwa kitambaa. Tandaza magazeti makavu, na juu ya bati paka unga wa chaki. Tone likipita linaacha mstari mweusi usioweza kubishiwa. Mmoja akae ndani na tochi, milango imefungwa. Wa nje aanze kumwagia chini, kwenye kizingiti, dakika kadhaa, kisha sehemu ya chini ya mlango, kisha kioo, na mwisho paa. Kosa la wengi ni kuanzia juu: maji ya paa huteremka kila mahali na hutajua ni sehemu gani iliyoyapitisha. Maji yatiririke taratibu kama ya mvua. Mashine ya presha ya waosha magari huyasukuma kupita hata raba nzima, ikakudanganya.

Usisahau matundu ya ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kila kifungu cha nyaya na kebo ya boneti hupita kwenye raba yake, na aliyekufungia alamu au redio huenda alitoboa raba ile kwa bisibisi na kuiacha wazi. Shina la antena nalo huvujisha. Wenye tundu la kioo juu ya paa wana mifereji kwenye kona zake, ishukayo ndani ya nguzo za gari. Nayo huziba vivyo hivyo. Kwenye buti, toa tairi la akiba: maji chini yake mara nyingi yanatoka kwenye gasketi za taa za nyuma. Laza viti, ingia na tochi kutokea ndani, mwenzako amwagie taa.

Kioo cha mbele ni habari nyingine. Magari ya kale kama Peugeot 504 yana kioo kilichokaa kwenye raba nene, na jua letu huikausha hadi ikajivuta kwenye kona. Mengi ya baadaye yamebandikwa kwa gundi, na adui wake ni kutu. Hewa ya bahari ina chumvi, rangi ikichubuka chini ya ukingo kutu hutambaa chini ya gundi na kuiachanisha na bati. Hapo ndipo silikoni ya dukani hufanya madhara. Ile inayonuka siki ina asidi inayokula chuma, na utando wake ukibaki, gundi halisi ya vioo haishiki tena. Dawa ni kutoa kioo, kukwangua kutu hadi bati jeupe, kupiga primeri (rangi ya msingi) na rangi, kisha kukirudisha kwa gundi ya vioo. Ni gharama, sikatai. Lakini kupaka juu juu ni kufunga maji ndani na kutu.

Nailoni ya mlango si ghali hivyo. Kata ya plastiki nzito, ibandike kwa utepe mweusi wa butili, aina ya mpira unaonata, kuzunguka ukingo wote, na uhakikishe ncha ya chini inaingia ndani ya bati, isitoke nje. Vitundu vya chini vichokonolewe kwa kijiti. Ukipeleka gari kupigwa dawa ya kutu chini, simama hapo hapo na umwambie kijana asivizibe, maana wengi hupaka kila kitu.

Kukausha ndiko kunakodharauliwa. Juu, kapeti linaweza kuonekana kavu baada ya siku moja ya jua, hali sponji la chini limebeba lita kadhaa. Litoe kabisa, lianikwe. Wanaoacha magari Mokowe, gatini upande wa bara, na kuvuka kwenda kisiwa cha Lamu kwa siku kadhaa huyafunga vioo vyote kwa usalama, na hiyo ni haki yao, ila gari lenye sponji bichi likifungwa juani hivyo huota ukungu hadi kwenye mikanda. Walionunua magari baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023, yale yaliyokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, wavute mkanda wa kiti hadi mwisho na kuangalia reli za viti: tope lililokauka pale linaonyesha maji yaliingia kwa wingi, si kwa uvujaji.

Na ukitoa viti, tenganisha betri kwanza na usubiri kidogo. Soketi za manjano chini yake ni za mifuko ya hewa, na ndizo huota kutu ya kijani mapema. Zikaushwe na kusafishwa kwa dawa ya kusafishia soketi, zisiguswe kwa testa ya balbu.