INTJ ya Myers si INTj ya sosioniki

Ukilinganisha nadharia za aina za haiba, usianze na herufi nne za aina, kama INTJ. Anza na kazi za akili zilizo nyuma yake, kwa sababu herufi zilezile hubadilika maana zinapohamia nadharia nyingine.

Mzizi ni Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kitabu chake cha 1921. Alitaja kazi nne: kufikiri, kuthamini, hisi na ung'amuzi. Kila moja huelekea nje, kwenye watu na vitu, au ndani ya mtu mwenyewe. Ya pili naiita kuthamini kwa makusudi. Ukiiita "hisia", msomaji ataichanganya na hisi za milango mitano ya fahamu, au ataidhania kuwa jazba. Kwa Jung, kuthamini ni kazi ya kuhukumu sawasawa na kufikiri: hupima kipi kina thamani kwako na kipi hakina. Hisi na ung'amuzi hupokea tu.

Huko Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers wakaziandika kwa herufi: E (nje) au I (ndani), S (hisi) au N (ung'amuzi), T (kufikiri) au F (kuthamini). Kisha wakaongeza herufi ya nne, J (kuhukumu) au P (kupokea). Kipimo chao kilichapishwa 1962. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. J haisemi kwamba kazi yako kuu ni ya kuhukumu. Inasema kazi ya kuhukumu ndiyo inayoonekana nje. Basi soma hivi: ukiona J, herufi ya tatu ndiyo inayoelekea nje; ukiona P, ni ya pili. Kisha tazama herufi ya kwanza. Ikiwa E, hiyo inayoelekea nje ndiyo kazi kuu. Ikiwa I, hiyo ni saidizi, na kuu ni ile nyingine, iliyoelekea ndani.

Kwa hiyo kazi kuu ya INTJ ni ung'amuzi wa ndani, ikisaidiwa na kufikiri kwa nje. Ya INTP ni kufikiri kwa ndani, ikisaidiwa na ung'amuzi wa nje. Herufi moja imebadilika, na kazi zote mbili zimegeuka mwelekeo!

Sosioniki, nadharia nyingine ya aina za haiba iliyotokana na Jung, iliyoasisiwa na Aušra Augustinavičiūtė wa Lithuania miaka ya 1970, huandika herufi ya mwisho kwa kufuata kazi kuu yenyewe. Mwenye ung'amuzi wa ndani kama kazi kuu huandikwa INTp. Aina nane za E hubaki zilivyo. Nane za I hugeuza herufi ya mwisho. Hata ukigeuza herufi, maana hazilingani kikamilifu: hisi za ndani kwa wafuasi wa Myers hufungamana na kumbukumbu ya yaliyozoeleka, ilhali katika sosioniki ni utulivu na starehe ya mwili.

Wanaopima haiba kwa sifa tano hawana aina kabisa, wana viwango. Wanasaikolojia McCrae na Costa walionyesha mwaka 1989 kwamba mizani minne ya Myers inalingana na sifa nne kati ya hizo. Inayokosekana ni wepesi wa kuhangaika. Mizani ya J na P inakaribiana na umakinifu katika kazi. Naona hoja yao ni nzito, maana katika mizani hiyo watu wengi huangukia karibu na katikati. Hapo jibu moja tofauti latosha kugeuza J kuwa P, na mpangilio mzima wa kazi ukapinduka ilhali mtu ni yuleyule. Kabla ya kuchambua kazi za mtu, dai kwanza alama zake za kila mizani. Zikiwa karibu na katikati, soma maelezo ya aina zote mbili.