Herufi ya Kikhmer na mguu wake: dhana potofu na ukweli

Dhana: Maneno mawili yakifanana kwenye kioo cha simu, basi ni neno moja.

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, kwa hiyo naanza nayo. Katika Kikhmer, lugha ya Kamboja, konsonanti mbili zikifuatana bila irabu katikati, ya pili hushuka na kuandikwa kwa umbo dogo chini ya ile ya kwanza. Wenyewe wanaliita umbo hilo choeng, yaani mguu. Sasa tazama ដ (da) na ត (ta). Kila moja ikisimama peke yake, huwezi kuzichanganya. Zikishuka kuwa mguu, huchorwa umbo lile lile. Msomaji anajua kwa mazoea kama atamke d au t. Kompyuta haina mazoea: kwake kila herufi ni msimbo, yaani namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi. Da ni U+178A na ta ni U+178F, basi.

Chukua Kandal, mkoa unaouzunguka mji mkuu, Phnom Penh. Jina lake maana yake ni katikati. Mmoja anaandika កណ្ដាល kwa mguu wa da, mwingine កណ្តាល kwa mguu wa ta. Kodoa macho utakavyo, tofauti huioni. Lakini ukitafuta kwa tahajia moja, katika programu ambayo haikufundishwa kuzioanisha, hupati kilichoandikwa kwa tahajia ya pili. Jina la mtu likiandikwa hivi kwenye daftari moja na vile kwenye jingine, mashine inahesabu watu wawili. Nasi Waswahili tumeshaionja shida hii kidogo: ng'ombe mwenye alama iliyonyooka na ng’ombe mwenye alama iliyopinda si neno moja machoni pa kompyuta.

Dhana: Kila mguu una msimbo wake.

Hauna. Ipo alama moja isiyoonekana, U+17D2, na kazi yake ni kuiambia programu kwamba konsonanti inayofuata ishushwe. Kwa hiyo mguu wa ta ni misimbo miwili: alama hiyo, kisha ta yenyewe. Wakuu wa Kamboja waliupinga mpango huu rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakitaka miguu ipewe misimbo yake. Naona walikuwa na hoja, maana maandishi ni yao. Lakini herufi za Kikhmer zilikwisha kuingizwa katika toleo la 3.0 la Unicode mwaka 1999, na kanuni ni kwamba herufi ikishaingia haiondolewi wala haihamishwi. Baadhi zilizoonekana baadaye kuwa ni makosa, kama U+17A3, bado zipo palepale. Watu wanashauriwa tu wasizitumie.

Dhana: Herufi huhifadhiwa kwa mpangilio uleule unaouona.

Tazama ខ្មែរ, yaani Khmer. Irabu ែ inaonekana mwanzoni kabisa, kushoto. Ndani ya faili imekaa ya nne: kha, alama ya kushusha, mo, irabu, kisha ro. Fonti na programu ndizo zinazoipeleka mbele wakati wa kuchora.

Dhana: Herufi moja ni baiti moja.

Baiti ni kipimo kidogo cha nafasi katika kompyuta. Kwa Kilatini tunachoandikia Kiswahili, ndiyo. Kwa Kikhmer katika UTF-8, njia iliyozoeleka ya kuhifadhi misimbo ya Unicode, kila msimbo ni baiti 3, hata ule usioonekana. Neno ខ្មែរ linachukua baiti 15.

Dhana: Fonti ikionyesha Kikhmer, basi kilichohifadhiwa ni Kikhmer.

Kabla Unicode haijaenea, wengi Kamboja walitumia fonti kama Limon. Ndani ya faili zilikuwa herufi za Kilatini zilizovishwa sura ya Kikhmer. Fungua waraka wa aina hiyo kwenye kompyuta isiyo na fonti yake, utakuta vurugu ya herufi za Kilatini na alama zisizosomeka. Maandishi hayajapotea, ila lazima yabadilishwe kuwa Unicode kabla mtu hajaweza kutafuta humo hata jina la babu yake.