Mtindio wa ubongo si ukosefu wa akili

Kwa miaka mingi watu wameamini kuwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana akili, eti kwa kuwa mate yanamtoka na maneno yake hayaeleweki. Si kweli. Ubongo wake uliathirika tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye: pengine alikosa hewa, pengine umanjano mkali wa uchangani haukutibiwa mapema. Kilichoguswa hasa ni sehemu zinazoongoza misuli, ikiwemo ya ulimi na koo. Takriban nusu ya wenye mtindio wa ubongo hawana ulemavu wa akili. Christy Brown wa Dublin, Ireland, aliyekuwa na mtindio wa ubongo, aliandika na kuchora kwa mguu wa kushoto. Inaniuma mgeni anapomuuliza mama, “Huyu anakula nini?” ilhali mtoto mwenyewe anasikia yote. Muulize yeye, kisha subiri. Jibu linaweza kuchukua dakika nzima.