Mvinyo wa nchi za baridi: yasemwayo mezani Malindi na ukweli wake

Dhana: Chablis, mvinyo mweupe wa Ufaransa, ina ladha ya chaza kwa sababu mizabibu yake imeota juu ya chaza.

Hii husikika sana kwenye mahoteli ya Malindi mgeni anapoagiza samaki, na chanzo chake kinaeleweka. Ardhi ya Chablis, eneo unakotoka mvinyo huo, ni chokaa na mfinyanzi uliojaa visukuku vya chaza wadogo wa bahari iliyokuwepo miaka milioni 150 hivi iliyopita. Sisi tuliozoea kuta za mawe ya matumbawe hatuoni ajabu jiwe kuwa na kome ndani.

Lakini mzizi haunyonyi ladha ya jiwe. Hunyonya maji na madini yaliyoyeyuka ndani yake, tena kwa kiasi kidogo mno. Kazi kubwa ya udongo ni maji na joto: chokaa hupitisha mvua ya ziada na kubakiza unyevu kidogo wa kiangazi. Kwenye bonde la Mosel, Ujerumani, miteremko mikali imefunikwa mawe meusi ya mabambabamba yanayofyonza jua la mchana na kulirudisha usiku. Bila joto hilo, Riesling, aina ya zabibu ilimwayo huko, ingetaabika kuiva.

Ule ukali unaojaza mate mdomoni ni asidi ya zabibu yenyewe. Hufanya kazi ya ndimu juu ya samaki wa kuchoma, na mhudumu akimweleza mgeni hivyo atakuwa amesema kweli.

Dhana: Jua likizidi, mvinyo huwa bora.

Joto kali huimaliza asidi upesi huku sukari ikipanda, na sukari ndiyo igeukayo kilevi. Usiku wa baridi huilinda asidi. Hata hivyo baridi ina hatari zake: Aprili 2021 jalidi iliunguza machipukizi sehemu nyingi za Ufaransa, wakulima wakawasha mioto midogo katikati ya mizabibu usiku.

Dhana: Rutuba nyingi, zabibu nzuri.

Kwa mahindi ya kando ya Mto Sabaki, sawa. Mzabibu ulioshiba huota majani tele, matunda yakafunikwa na kivuli.

Dhana: Mzabibu haukubali Afrika Mashariki.

Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huvuna mara mbili kwa mwaka. Kinachoukwamisha hapa Malindi ni fukuto la mwaka mzima lisiloupa mti usingizi, pamoja na unyevu wa masika unaoleta ugonjwa wa ukungu kwenye majani.