Kupaliwa bila kukohoa: disfajia baada ya kupandikizwa mapafu

Disfajia ni shida ya kumeza: tonge au maji hayashuki sawasawa kutoka kinywani hadi tumboni. Humpata mgonjwa baada ya upasuaji mwingi mkubwa, lakini kwa aliyepandikizwa mapafu ni hatari zaidi.

Mtu akipaliwa na maji hukohoa mpaka machozi yamtoke, na kikohozi hicho ndicho kinga yake. Pafu la kupandikizwa limekatwa mishipa yake ya fahamu, hivyo chini ya mshono halihisi kitu. Chai iliyopotea njia inaweza kuingia humo kimya kimya. Na huyu ni mtu anayemeza dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae pafu, kwa hiyo nimonia haiko mbali.

Shida huanzia wapi? Mtuhumiwa mmoja ni ultrasaundi ya moyo inayofanywa kupitia umio, yaani njia ya chakula, mgonjwa akiwa usingizini wakati wa upasuaji. Mrija wenye unene wa karibu na kidole hupitishwa kinywani hadi kwenye umio, nyuma kabisa ya moyo, mahali ambapo mbavu na hewa ya mapafu havizuii picha. Daktari huangalia kama upande wa kulia wa moyo unahimili pale mshipa wa kwenda pafuni unapobanwa, na kama damu inapita vizuri kwenye maungio mapya. Faida yake ni kubwa, wala si kipimo cha kuogopa. Ila mrija huo hukaa kooni kwa saa nyingi, sambamba na ule wa kupumulia, na tishu laini hugandamizwa.

Hata hivyo, kuubebesha lawama zote si haki. Mshipa wa fahamu wa nyuzi za sauti, upande wa kushoto, huzunguka chini ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kabla ya kupanda kooni, kwa hiyo unaweza kuumia kifua kikifanyiwa kazi. Siku nyingi kwenye mashine ya kupumulia nazo hudhoofisha misuli ya koo.

Ndiyo maana kumeza hupimwa kwanza, kwa kamera nyembamba ya puani au kwa eksirei ya video mgonjwa akimeza bariamu, kimiminika kinachoonekana kwenye eksirei. Maji matupu huwa magumu kuliko uji, kwa sababu hukimbia kabla koo halijajifunga. Wengine huongezewa uzito kwenye vinywaji, wengine hulishwa kwa mpira wa puani kwa muda. Sauti ikigeuka ya majimaji baada ya kunywa, muuguzi aambiwe, hata kama mgonjwa hajakohoa.